Kitanda cha Chumba Namba Kumi na Nne

Kwa miaka thelathini na mmoja Mama Shuka alitandika vitanda vya wagonjwa, na katika miaka yote hiyo hakutoka nyumbani kwake hata asubuhi moja akaacha kitanda chake mwenyewe hakijatandikwa. Jina hilo alipewa na wauguzi wa hospitali alikofanya kazi, nalo likamganda hata majirani wakalisahau lile alilopewa na wazazi wake. Kwake yeye, kitanda kilichovurugika mchana kilikuwa na maana mbili tu: ama mwenyewe anaumwa, ama mwenyewe hana haya.

Sasa alikuwa amestaafu, goti la kulia likimkumbusha kila ngazi aliyowahi kupanda, na binti yake wa pekee alikuwa amempatia kitu ambacho hata katika sala zake hakuwahi kukiomba, maana mtu haombi asichokijua. Alimpatia safari ya siku saba baharini, ndani ya meli ndogo ya kifahari.

Binti alikuwa amefanya kazi katika meli hiyo miaka kumi na miwili, na kampuni ilikuwa na desturi yake: mfanyakazi aliyepita miaka kumi huruhusiwa kumleta mzazi mmoja, safari moja, kikipatikana chumba kisicho na mgeni. Chumba kilipatikana. Namba kumi na nne.

Haikuwa kama zile meli kubwa zenye ghorofa juu ya ghorofa na abiria elfu kadhaa wanaopanga foleni ya mayai. Hii ilikuwa na vyumba thelathini tu, nyeupe, nyembamba, sitaha yake ya mbao imesuguliwa hadi ikawa na rangi ya asali. Wageni walikuwa hamsini na kidogo, na wahudumu karibu idadi hiyohiyo. Ukiitazama kutoka gatini ungedhani ni chombo cha tajiri mmoja mwenye ndugu wengi. Na kwa kuwa ilikuwa ndogo, iliingia kwenye vighuba ambavyo meli kubwa huvitazama kwa mbali na kupita.

Pale mlangoni mwanamume mmoja mrefu, mwenye umri wa miaka arobaini na ushei, alinyoosha mkono kulichukua sanduku lake. Mama Shuka akalivuta kwake.

"Niachie, baba. Ni nguo tu."

"Ndiyo maana nalibeba, mama," alijibu yule mwanamume. "Lingekuwa na mawe ningekuachia."

Huyo ndiye aliyekuwa mhudumu wa chumba chake. Wenzake walimwita Baba Pacha, kwa sababu alikuwa na mapacha wa kike nyumbani, na picha yao aliibandika ndani ya kifuniko cha toroli lake la mashuka. Mama Shuka alimpenda papo hapo. Alimpenda, akamwonea huruma. Mwanamume mzima, mwenye watoto, anakuja kunisafishia chumba mimi!

Binti alikuja baadaye, amevaa sare ya buluu iliyonyooshwa hadi ikawa na makali. Alifunga mlango, akamkumbatia mama yake, kisha akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiye na muda.

"Mama, nisikilize. Safari hii kuna Mkaguzi kutoka makao makuu. Unajua nimekaimu ukuu wa vyumba vyote miezi minane sasa. Safari ikiisha, yeye ndiye atakayesema kama nathibitishwa au narudi kusukuma toroli."

"Basi nitakuombea, mwanangu."

"Niombee. Lakini zaidi ya hapo, mama, pumzika. Kazi yako wiki hii ni kupumzika tu. Utaweza?"

"Kwani kupumzika kunahitaji cheti?" alisema Mama Shuka, nao wakacheka wote wawili.

Asubuhi ya kwanza aliamka saa kumi na moja, kama ilivyokuwa kawaida yake tangu ujana. Meli ilikuwa ikiyumba taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto huku akiwaza mambo mengine. Alipotaka kuteremsha miguu aligundua kwamba haiwezi kutoka. Shuka la chini lilikuwa limechomoka pembe zote nne, likamzunguka magotini. Alijifungua polepole, akacheka peke yake, akapiga magoti upande ule wa goti zima na kusali.

Alimshukuru Mungu kwa maji yaliyoishikilia meli usiku kucha. Aliwaombea marehemu mumewe, binti yake, Baba Pacha na mapacha wake, na nahodha asije akasinzia. Kisha akainuka, na kabla kichwa hakijaulizwa, mikono ilikuwa tayari imeshalishika shuka. Ilivuta, ikanyoosha, ikakunja kona kwa ule mtindo wa wodini, ikapenyeza chini ya godoro. Alipomaliza kitanda kilikaza kama ngozi ya ngoma. Akakipigapiga mara moja kwa kiganja, kama mtu anayempongeza punda, akaenda kunywa chai.

Aliporudi alikuta maua yamebadilishwa, kioo kimefutwa, taulo zimepangwa. Kitanda kilikuwa vilevile alivyokiacha. *Amekipenda*, akawaza, akafurahi.

Lakini katika meli ile mashuka yalibadilishwa kila jioni wageni wakiwa mezani. Kwa hiyo kila jioni Baba Pacha alitandika upya kwa mtindo wa meli, kona zimefungwa nje kwa nje kama bahasha, nzuri ajabu, hazina hata mkunjo. Na kila alfajiri Mama Shuka aliamka amefungwa miguu kama kuku wa sokoni, akasali, akatandika kwa mtindo wake. Ikawa kama watu wawili wanaovutana kamba bila kuonana.

Kila walipokutana kwenye ujia, Baba Pacha alimuuliza.

"Mama, umelala salama?"

"Salama kabisa, baba."

"Hakuna kilichokusumbua?"

"Kitu gani, baba, kwenye pepo hii?"

"Mto?"

"Mto mzuri."

"Godoro?"

"Godoro kama wingu. Wewe una wasiwasi gani? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Tunamshukuru Mungu." Naye huondoka ameshika shavu, kama mtu anayeumwa jino lakini hataki kwenda kwa daktari.

Siku ya nne meli ilitia nanga kwenye ghuba moja lenye maji maangavu. Kule nyuma, karibu na maji, mabaharia waliteremsha jukwaa la mbao, na wageni wakawa wanashukia hapo kuogelea au kupanda vile viboti vidogo vya kwenda ufukweni. Mama Shuka hakujua kuogelea wala hakuona sababu ya kuanza. Alikuwa amekaa kwenye kiroshani cha chumba chake, anatazama kofia za watu zikielea, mlango ulipogongwa. Alikuwa binti yake, na sare ilikuwa na makali yaleyale, lakini uso haukuwa uleule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekunja uso kama barua ya deni?"

Binti hakucheka. Alikitazama kitanda. "Nani ametandika hiki?"

"Mimi, bila shaka. Unaniuliza kama vile hukukulia kwangu."

"Jana?"

"Mimi."

"Juzi?"

"Mimi, mwanangu. Kuna nini? Nimeiba?"

Binti akaketi, safari hii siyo ukingoni. "Mama, kitanda chako kinanimaliza."

Akamweleza. Wageni wa meli kama ile hawalalamiki kwa mdomo. Watu wenye nacho wana haya zao. Mtu anaweza kuona jambo limemuudhi, akalinyamazia siku saba, akatabasamu hadi gatini, kisha asirudi tena maishani. Kwa hiyo wahudumu wamefundishwa kusoma chumba. Chai iliyoachwa nusu inasema kitu. Mto uliotupwa sakafuni unasema kitu. Na mgeni anayetandika kitanda chake mwenyewe anasema kwa sauti kubwa kuliko wote: *sikuipenda kazi yenu, nimeirudia.* Mhudumu anapoona hivyo hana budi kuandika kwenye daftari la vyumba. Ikifika mara tatu, namba ya chumba inapelekwa juu.

"Baba Pacha alijaribu kila njia kukuuliza," alisema binti. "Mara ya kwanza hakuandika, akasema labda ni bahati mbaya. Mara ya pili hakulala. Leo ameandika zote tatu, kwa sababu ni mtu mkweli na sheria ndiyo hiyo. Sasa kwenye orodha ya Mkaguzi kuna chumba kimoja tu, meli nzima, ambacho mgeni wake hajaridhika. Na mgeni mwenyewe ni mama yangu mzazi."

Mama Shuka alitaka kucheka, akaona kicheko hakina mahali pa kukaa.

"Mwambie huyo Mkaguzi nimeridhika hadi nimevimba."

"Atakuja kukuuliza mwenyewe. Kesho saa nne."

"Basi nitamwambia ni mazoea. Hata wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimejipa mwenyewe tangu siku ya kwanza, kosa liko wapi?"

"Wahenga hawakupanda meli hii, mama." Midomo ya binti ilicheza kidogo, kisha ikatulia. "Lakini ni mazoea tu? Hakuna kitu kilichokusumbua?"

"Hakuna."

"Kweli?"

"Kweli, mwanangu."

Binti akashusha pumzi, akamwomba asikiguse tena kitanda, akambusu mkono, akaenda zake. Mama Shuka akabaki na lile neno *kweli* limekwama kooni kama mwiba wa samaki.

Maana haikuwa kweli. Si yote. Ni sawa kwamba mikono yake ilikuwa na mazoea, lakini mikono hiyohiyo ilikuwa inarekebisha kitu. Yeye aliyeishi na mashuka miaka thelathini na mmoja alijua tangu alfajiri ya kwanza kwamba kona zile za bahasha, pamoja na uzuri wake wote, hazikufaa kitanda kinachoyumba. Kitanda cha nchi kavu kinalala pamoja na mtu. Kitanda cha baharini kinatembea chini yake usiku kucha, kama vile kitanda cha mgonjwa anayejigeuzageuza kwa homa. Shuka likifungwa nje kwa nje tu, bila kupenyezwa chini ya godoro, litatoka. Alilijua hilo, akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu alikuwa mgeni wa bure. Alinyamaza pia kwa sababu ya mapacha kwenye kifuniko cha toroli. Nani amwambie baba yao kwamba hajui kutandika?

Kumbe sheria ya meli ilikuwa imemsoma vizuri kuliko alivyojisoma.

Asubuhi ya siku ya tano aliamka amefungwa kama kawaida. Alijifungua, akasali kwa kifupi, na akakiacha kitanda kama kilivyo kwa sababu binti alikuwa amemwomba hivyo. Alitoka hadi mlangoni. Akarudi, akanyoosha mto mmoja. Akatoka. Akarudi, akauvuruga ule mto. Mara ya tatu alifunga mlango na kuondoka mbio kadiri goti lilivyomruhusu, kama mtu anayeacha mtoto akilia shuleni.

Mezani alikaa na bibi mmoja mjane wa chumba jirani, ambaye kila siku alivaa kofia pana kama sinia, na ndivyo wahudumu walivyomwita kati yao, Bibi Kofia.

"Umelalaje, dada?" aliuliza Bibi Kofia huku akipaka siagi.

"Nimelala. Na wewe?"

"Mimi ukinikuta asubuhi utadhani ni maiti iliyokwisha kuvishwa sanda. Shuka lote liko huku!" Alijishika shingoni. "Nyumbani silali hivi. Nadhani ni uzee."

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani, kwamba bibi mzima anapigana na shuka? Aibu hiyo, dada. Nipitishie asali."

Mama Shuka hakumaliza mkate wake. Alikwenda hadi kwenye ukingo wa sitaha, akashika chuma kilichokuwa bado na umande, akainamisha kichwa. Wageni waliopita nyuma yake walidhani anatafuta pomboo.

"Ee Mungu," alisema kimoyomoyo, "unajua nimekuja kupumzika. Sikuomba makubwa. Sasa nikisema kweli, ninamkata mwanangu miguu mbele ya mtu anayemhukumu, na yule baba wa watu anaumia pamoja naye. Nikisema uongo, shuka litaendelea kuwafunga watu, lakini hakuna atakayekufa kwa shuka. Au unasemaje?"

Kilichomjia ni wodi namba mbili, na mzee mmoja aliyekuwa hawezi kujigeuza. Kule wodini mkunjo mmoja tu wa shuka chini ya mgongo uliweza kuwa kidonda baada ya siku tatu. Mama Shuka alikuwa mfanyakazi wa chini kuliko wote, hana cheti, lakini hata daktari mkuu akiuliza, "Mama Shuka, kitanda hiki kiko sawa?" hakuwahi kujibu "kiko sawa" wakati hakiko. Hilo ndilo jambo moja maishani ambalo alikuwa na hakika hakulikosea kamwe. Je, leo aanze kudanganya juu ya kitanda, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, na mbele ya mwanawe?

"Haya," akasema kwa sauti, "umenijibu. Lakini uwe karibu."

Saa nne kamili Mkaguzi aliingia. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, mmoja wa wale watu wanaouliza swali kisha wakanyamaza hadi jibu lijilete lenyewe. Nyuma yake alisimama binti, mikono nyuma, na nyuma ya binti Baba Pacha, ambaye alikuwa ametoka kukitandika kitanda dakika kumi zilizopita. Kilikuwa kizuri. Kona zake zilimeremeta.

"Samahani kukusumbua, mama," alisema Mkaguzi. "Ulitandika kitanda mwenyewe siku tatu. Tulikosea wapi?"

Mama Shuka alimtazama binti yake. Binti alikuwa anatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayelijua jibu linalokuja.

"Nina mazoea ya kutandika," alianza. "Nilitandika hospitali miaka thelathini na mmoja."

Mkaguzi akanyamaza.

"Kitanda kisichotandikwa kinaniwasha."

Mkaguzi akaendelea kunyamaza. Nje kiboti kilipita kikinguruma, kikaisha.

"Na tena," alisema Mama Shuka, "shuka linatoka."

Tabasamu la binti likafa. Baba Pacha akakohoa.

"Linatoka vipi?"

"Linatoka lote, mama. Kila usiku. Kona hizi ni nzuri kwa macho, na huyu baba amezikunja kwa mkono safi, sina la kumlaumu, anafanya alivyofundishwa. Lakini hazishiki. Meli inatembea, godoro linatembea, shuka linabaki njiani. Si kwangu tu. Nimesikia na kwingine, na huko wanaona haya kusema. Mimi nami niliona haya. Jana mwanangu aliniuliza, nikamwambia hakuna kitu. Nilimdanganya." Akageuka. "Nilikudanganya, mwanangu. Nisamehe."

Mkaguzi alivaa miwani yake, akakizunguka kitanda, akabonyeza kona moja kwa kidole. "Mbona inaonekana imekaza?"

"Ukiisimamia, ndiyo," alisema Mama Shuka. "Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Mama!" Baba Pacha aliruka kama aliyekanyaga msumari. "Taja simba, taja chatu, lakini huyo mdudu usimtaje ndani ya meli hii! Tafadhali!"

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Mkaguzi alivua viatu, akaviweka sambamba, akapanda kitandani na kulala chali, mikono kifuani.

"Nifanye nini?"

"Jigeuze, mama. Kama mtu mwenye homa. Tena. Tena, usione haya, piga mateke kidogo. Ndiyo."

Mkaguzi wa makao makuu akapiga mateke. Binti alitazama dari. Baba Pacha alitazama viatu vyake. Kona ya kwanza ikachomoka, ya pili ikafuata, na Mkaguzi alipoketi shuka lilikuwa limemfunga kiunoni.

"Hivi ndivyo ninavyoamka kila siku," alisema polepole. "Chumba namba tatu. Nilidhani ni bahari."

"Si bahari, mama. Ni kona."

Mkaguzi akashuka, akavaa viatu, akafungua daftari lake. Alipozungumza hakuwa na hasira wala huruma. "Kilichoandikwa sikifuti. Siku tatu mgeni hakuridhika, na mkuu wa vyumba hakujua kwa nini. Hilo linabaki." Akamgeukia binti. "Lakini sasa unajua. Kuna usiku mbili mbele yetu na vyumba thelathini. Nataka kuona utafanya nini."

Mama Shuka alikuwa tayari ameshalishika shuka, ameinama, anataka kuonyesha.

"Hapana," alisema Mkaguzi. "Mgeni hafanyi kazi kwenye meli hii. Hata kidogo. Kaa, mama."

Akatoka.

Binti alibaki amesimama palepale, na macho yake yalikuwa na maji.

"Ungeniambia jana, mama. Faraghani. Ningekuwa nimetengeneza kabla hajaja."

"Ungetengeneza, ndiyo. Nimekosa, sina la kujitetea. Nilikuona umechoka, nikataka nikupe neno zuri ulale nalo. Kumbe nimekupa shuka la kona za bahasha."

Binti alijaribu kubaki na hasira yake. Ilimponyoka. Alicheka, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akavua koti la sare na kulitundika mlangoni. "Haya. Baba Pacha, waite wenzako wote saba. Mama, kaa kwenye kiti hicho. Na mikono uikalie."

Ndivyo ilivyokuwa. Mama Shuka aliketi kwenye kiti chenye mto wa hariri, mikono yake miwili chini ya mapaja kama mtoto aliyekatazwa biskuti, na wahudumu wanane wakabanana ndani ya chumba namba kumi na nne. Binti ndiye aliyetandika. Mama alisema tu.

"Ingiza upande wa miguuni kwanza, wote, hadi kiwiko kipotee. Sasa kamata pembeni, kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye kona. Inua, ilaze juu ya godoro. Unaona pembetatu? Inayoning'inia chini iingize. Usiivute, iingize! Sasa shusha pembetatu, nayo iingize. Hapo. Hiyo hata punda akilala haitoki."

"Na uzuri wake, mama?" aliuliza mhudumu mmoja. "Mkunjo unaonekana."

"Unaonekana kidogo. Unaonekana kama kazi."

Binti aliikunja kona ya pili bila kungoja maelezo. Mikono yake iliijua. Alifundishwa akiwa na miaka saba, akaja kuisahau shule ya hoteli ilipomwambia kona nzuri ni ile isiyoonekana. Baba Pacha alijaribu ya tatu, akashindwa, akajaribu tena.

"Mke wangu akisikia nimefundishwa kutandika upya baada ya miaka sita kazini," alisema, "nyumbani nitapewa vitanda vyote."

"Utapewa na vya majirani," mwenzake akamjibu, na wote wakaangua kicheko, hata yule aliyekuwa amebanwa mlangoni asione kitu.

Jioni ile vitanda vyote thelathini vilikunjwa kwa mtindo wa wodini. Binti alipita chumba kwa chumba mwenyewe, akivuta kila kona. Sita alizirudia. Kesho yake asubuhi Bibi Kofia alifika mezani na kutangaza kwamba uzee umempungua ghafla, hajui ni hewa ya bahari au ni ule mchuzi wa samaki. Mama Shuka akampitishia asali.

Mkaguzi naye alizunguka asubuhi zote mbili, anafungua milango, anaandika, hasemi. Siku ya mwisho, meli ikiwa imebakiza saa chache kufika gatini, aliita watu ofisini kwa nahodha mmoja mmoja. Mama Shuka hakuona chochote. Alikuwa chumbani anasali, na kwa mara ya kwanza sala yake ilikuwa fupi kuliko subira yake.

Binti aliingia bila kubisha. Alishika karatasi.

"Nimethibitishwa."

Mama Shuka alinyoosha mikono juu.

"Subiri, kuna na karipio," alisema binti. Akasoma: "*Hakutambua sababu ya malalamiko ya chumba namba kumi na nne kwa siku tatu.* Limegongwa muhuri."

"Limegongwa kabisa?"

"Kabisa. Litakaa kwenye faili langu miaka miwili."

"Vizuri," alisema mama yake, akimvuta kifuani. "Chakula bila chumvi hakiliki. Ahsante, Mungu wangu. Ahsante kwa karatasi yote, juu hadi chini."

Kisha binti akakumbuka kwamba ana vyumba thelathini vya kukabidhi, akajinyoosha sare, akatoka akitembea kama mtu mwenye kazi yake mwenyewe.

Mama Shuka alibaki peke yake. Sanduku lilikuwa limefungwa. Jua liliingia kwenye kiroshani na kulala sakafuni. Ilikuwa saa tano mchana, naye hakuwa anaumwa, wala hakuwa amepoteza haya. Alivua viatu. Akajilaza juu ya kitanda alichotandikiwa na mtu mwingine, akajigeuza mara moja kushoto, mara moja kulia, ili kuwa na hakika. Shuka halikusogea.

Mlango ukagongwa taratibu.

"Mama," ilikuwa sauti ya Baba Pacha, "nije nitengeneze chumba?"

"Bado, baba," alijibu Mama Shuka, macho ameyafumba. "Nipe saa moja. Nimelala."